Kwa nini jirani ananipita kila mara kwenye mbuyu? Kuogelea namwacha, baiskeli namwacha

#1 Gia Tatu
Wakuu, mbukwenyi. Nina jambo linaninyima usingizi tangu Mei.

Mimi na wenzangu kama kumi na watano hapa Dodoma tuna mchezo wetu wa triathloni, ile ya kuogelea, baiskeli, halafu mbio. Hakuna medali wala fulana. Tunaogelea mita 750 kwenye bwawa la hoteli (lina mita 25, kwa hiyo ukuta hadi ukuta mara 30), tunapanda baiskeli km 20 barabara ya Singida, km 10 kwenda upande wa Nala na km 10 kurudi, kisha tunakimbia km 5 njia ya vumbi. Mwaka huu tumefanya raundi nne: Mei, Juni, Agosti na Septemba.

Jirani yangu wa Ilazo, tunagawana ukuta, naye yumo. Kwenye maji namwacha, maana mimi nimekulia Kigamboni, yeye Kondoa, kajifunza kuogelea ukubwani na mpaka leo anapiga maji kama anafukuza nyuki. Baiskeli namwacha. Nashuka nikiwa mbele kwa dakika nne nzima. Halafu kwenye km 3 ya mbio kuna mbuyu. Hapohapo nasikia nyuma: "Jirani, wasalimie nyumbani." Ananipita. Mara zote nne! Na aliyefungwa ndiye mnunuzi wa supu ya mbuzi na chapati. Nimeshanunua supu nne.

Tatizo ni nini? Mapafu, miguu, chakula, au nini?

#2 Ngoja Waje
Nimekaa paleee na karanga zangu. Waje wajuvi.

#3 Kinyonga
Mbuyu huo una wenyewe, mkuu. Huwezi kupita mbio mbele ya mbuyu bila hodi. Jirani yako kashamalizana nao zamani.

#4 Mwana Makutupora
@Kinyonga acha hizo. Jibu ni upepo. Aliyeishi Dodoma anajua kiangazi hiki cha Juni mpaka Septemba upepo unatoka mashariki na haupumziki. Ukielekea Nala unasukumwa mgongoni, unajiona bingwa wa dunia. Ukigeuza, unaubeba kifuani km 10. Kwenye barabara tambarare, kazi kubwa ya mwendesha baiskeli ni kupasua hewa, na ukitaka kuongeza spidi kidogo dhidi ya upepo, nguvu unayolipa inapanda mara nyingi zaidi ya spidi unayopata. Mleta uzi anamwaga akiba yote pale. Mwenzie anajibana, anaisubiri kwenye mbio.

#5 Gia Tatu
@Mwana Makutupora upepo naujua, lakini hauniumizi kiasi hicho. Kwenda nacheza kwenye 40 kwa saa, kurudi 20. Wastani 30. Siyo mbaya kwa mtu wa ofisini.

#6 Chaki na Ubao
Wastani siyo 30, mkuu. Km 10 kwa spidi ya 40 ni dakika 15. Km 10 kwa spidi ya 20 ni dakika 30. Jumla dakika 45 kwa km 20, ni 26.7 kwa saa. Muda mwingi unaishi upande wa mateso. Darasa la saba hii.

#7 Ngoja Waje
Hahaha, mtu kaja na matatizo ya miguu anaondoka na kazi ya nyumbani.

#8 Gia Tatu
Sawa mwalimu, 26.7. Ila bado namwacha.

#9 Fundi Spoku
Mimi ni fundi baiskeli, nimeshika hizi mali miaka mingi. Swali moja: siti yako umeipima? Kaa juu ya baiskeli, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa. Mguu unatakiwa unyooke. Ukiweka sasa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litakunjika kidogo, hapo ndipo pazuri. Wengi wenu mnakaa chini kama mnaendesha kwenda kuchota maji. Siti ikiwa chini, misuli ya mbele ya paja inafanya kazi yote, na ukishuka inagoma kukimbia.

La pili ni hilo jina lako. Gia Tatu maana yake nini? Kama unakanyaga gia nzito mzunguko wa 60 kwa dakika, miguu inapigwa kama ya mbeba magunia. Wanaoujua mchezo wengi wako kwenye 80 mpaka 90 na kitu.

#10 Gia Tatu
Baiskeli yangu ina gia tatu kubwa mbele, mimi natumia ile ya tatu tu. Nyingine ni za watoto.

#11 Fundi Spoku
Basi uzi ufungwe.

#12 Zabibu Kavu
Usifungwe kwanza. Mimi nauliza mambo ya sheria. Jirani anaendeshaje? Peke yake au kamkalia mtu nyuma? Maana kwenye triathloni za watu wa kawaida kukaa nyuma ya gurudumu la mwenzio ili akukate upepo ni kosa, unapewa adhabu ya muda. Kama anafika na miguu mibichi kwa sababu kajificha, hiyo siyo siha, ni ujanja.

#13 Mwana Makutupora
@Zabibu Kavu Olimpiki wanakaa nyuma ya wenzao bila shida.

#14 Zabibu Kavu
Olimpiki ndiyo, wameruhusu tangu mchezo ulipoingia Sydney 2000. Lakini kule Hawaii, ile ndefu ya kuogelea km 3.8, baiskeli km 180 na marathoni nzima, ukimkalia mtu nyuma unasimamishwa. Sasa hawa wa barabara ya Singida wanafuata sheria ipi?

#15 Gia Tatu
Sheria yetu ni moja tu: usigongwe na lori la Kigali.

#16 Mlenda Mkavu
Mchezo wenyewe si ulianzia Hawaii? Naona mnazunguka.

#17 Chaki na Ubao
Hapana. San Diego, California, 1974. Hawaii ilikuja 1978, walianza watu 15 wakamaliza 12.

#18 Mtoto wa Singida
Mnasumbuka bure. Huyo jirani ni mtu wa Kondoa, huku kati sisi ni watu wa mbio. Simbu wa Singida juzi tu, Septemba 2025, kachukua dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo kwa 2:09:48, na yule Mjerumani Amanal Petros kapewa muda huohuo, wametenganishwa na picha: sehemu tatu za mia za sekunde. Mtu wa Kigamboni unataka kushindana na damu hiyo? Wewe baki majini.

Halafu kama unaongoza unapitwa mwishoni, usione aibu. Juma Ikangaa kazaliwa hapahapa Dodoma, na yeye alikuwa wa kutoka mbele tangu mwanzo. Alishinda Boston hivyohivyo.

#19 Mzee wa Jamhuri
Hapo nakusahihisha, mwanangu. Ikangaa hakushinda Boston. Alikuwa wa pili mara tatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Ile ya 1988 alipitwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja. Sekunde moja baada ya km 42! Aliyoshinda ni New York, 1989, kwa 2:08:01. Sisi tuliisikia redioni.

#20 Mtoto wa Singida
Shikamoo mzee. Nimekubali, New York.

#21 Mzee wa Jamhuri
Marahaba. Na habari za damu punguza. Huyo jirani wa Kondoa anakimbia kwa sababu anafanya mazoezi, siyo kwa sababu ya babu yake.

#22 Bi Mkubwa Nzuguni
Jamani hakuna aliyeuliza kala nini. Mleta mada, asubuhi ya mchezo unakula nini?

#23 Gia Tatu
Chai ya maziwa, chapati mbili, mayai, maharage kidogo. Saa 11 alfajiri.

#24 Bi Mkubwa Nzuguni
Na unaingia majini saa 12? Maharage! Kaka, hayo yanakukimbia tumboni kabla hujamkimbia jirani. Kula uji mwepesi, tena saa mbili kabla. Njiani beba zabibu kavu kwenye kimfuko, hapa kwetu zimejaa, sukari yake inafika haraka. Na maji: lita moja, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Ile ya mtoto anayeharisha. Jua la saa mbili hapa linakukamua bila kukuonyesha jasho, maana hewa kavu inalinyanyua hapohapo.

#25 Kinyonga
Zabibu Kavu umesikia? Wanataka kukuweka kwenye kimfuko.

#26 Dkt wa Mtaa
Nimesoma uzi wote, naona mnaruka jambo. @Gia Tatu mazoezi ya kuogelea unafanyia wapi? Hotelini kila siku ni gharama.

#27 Gia Tatu
Hotelini siku za mchezo tu. Jumapili huwa naenda Hombolo, bwawani. Bure, na maji yana chumvichumvi, yanakubeba vizuri.

#28 Dkt wa Mtaa
Nilijua. Mkuu, nenda kapime kichocho. Mabwawa yenye maji yaliyotulia na majani pembeni ndiyo makazi ya konokono wanaobeba vimelea, na kimelea kinapenya ngozi kwa dakika chache tu, hata ukiwa umesimama maji ya magoti. Mtu anaweza kukaa nacho miezi bila dalili kubwa zaidi ya kuchoka choka na kupungukiwa damu. Damu ikipungua, oksijeni inayofika kwenye misuli inapungua, na hilo utaliona kwenye dakika za mwisho za mchezo, siyo za mwanzo.

Na usikimbilie kununua praziquantel dukani leo. Inaua minyoo iliyokomaa, siyo michanga. Kama umeogelea juzi, ukimeza leo unaweza kuacha nusu. Kapime, uwaambie tarehe ya mwisho uliyoingia majini.

#29 Ngoja Waje
Dah. Nilikuja kwa ajili ya supu, sasa naogopa hata beseni.

#30 Mwana Makutupora
Dokta, kwani huko Hombolo anaogelea peke yake? Mbona watoto wa kule wanakimbia kama swala?

#31 Dkt wa Mtaa
Watoto wa kule ndio wanaougua zaidi. Kukimbia kwao hakumaanishi hawana.

#32 Mlenda Mkavu
Si ahamie Mtera basi, maji mengi.

#33 Mzee wa Jamhuri
Mtera kuna viboko na mamba. Huko hatapitwa kwenye mbuyu, hatafika hata kwenye baiskeli.

#34 Mshika Saa
Nimetumiwa huu uzi nikacheka peke yangu ofisini. Mimi ndiye ninayeshika saa kwenye mchezo wao, daftari ninalo hapa. Mleta uzi, tuheshimiane.

Kwanza, hujapitwa kwenye mbuyu mara nne. Umepitwa pale mara mbili, Mei na Juni. Agosti ulipata pancha ya mbigili wakati wa kurudi, jirani akakupita ukiwa umechuchumaa barabarani, akakurushia pampu yake, akaendelea. Kwenye mbio hamkuonana kabisa. Septemba alikupita kabla ya km 2, mbali na mbuyu.

Pili, hizo dakika nne. Mei ulishuka kwenye baiskeli mbele kwa 4:05, kweli. Juni karibu sawa. Septemba 2:30 tu.

Tatu, hili ndilo hukulisema. Mei, kuanzia unashuka mpaka unaanza kukimbia ulitumia 2:55. Jirani alitumia 0:52. Wewe unakaa kwenye kiti, unafuta miguu na taulo, unavaa soksi, unafunga kamba za viatu mara mbili, unamsalimia mke wa fulani, unakunywa maji. Nimeandika pembeni ya daftari: "anapiga soga". Septemba ulijitahidi, 2:10 kwa 0:50.

#35 Kinyonga
Uzi umepata mwenyewe. Gia Tatu njoo ujibu hapa!

#36 Chaki na Ubao
@Mshika Saa nipe spidi zao za kukimbia.

#37 Mshika Saa
Jirani dakika 5:00 kwa km, Gia Tatu 5:40. Hawabadiliki sana.

#38 Chaki na Ubao
Basi tazameni. Tofauti ni sekunde 40 kwa kila km. Mei: anashuka mbele 4:05, kwenye kubadilisha anapoteza 2:03, anaanza kukimbia akiwa mbele 2:02. Gawa kwa 40, jirani anamfikia km 3 na kidogo. Mbuyu wenyewe! Kinyonga, mzimu wako ni hesabu ya kugawanya.

Sasa kama angebadilisha kwa haraka sawa na jirani: km 5 mara sekunde 40 ni 3:20. Alikuwa na 4:05. Angeshinda kwa sekunde 45. Supu ya Mei alijinunulia kwa soksi.

#39 Gia Tatu
Eee Mungu wangu.

#40 Fundi Spoku
Taratibu mwalimu. Hizo dakika tatu za kiti ndizo anazopumzikia. Mnyime kiti uone kama atakimbia 5:40. Atakimbia 6:10, kwa sababu miguu imekufa kwenye gia nzito. Tunarudi kwangu.

#41 Mwana Makutupora
Na Septemba je? 2:30 toa 3:20, anafungwa hata akibadilisha kama umeme. Septemba ndiyo upepo mkali. Tunarudi kwangu.

#42 Dkt wa Mtaa
Au Septemba ana kimelea cha miezi mitatu. Baiskeli yenyewe imeshuka toka 4:05 mpaka 2:30, na upepo huo jirani naye kaupata.

#43 Mwana Makutupora
Jirani kaupata akiwa kajificha nyuma ya mtu! Soma post ya 12.

#44 Jirani wa Ilazo
Habari zenu. Mimi ndiye jirani.

Kwanza, pampu yangu tangu Agosti haijarudi.

Pili, sijajificha nyuma ya mtu. Baiskeli yangu cheni inashika gia moja tu, ndogo, zile nyingine zinaruka. Natamani kukanyaga kwa nguvu, siwezi, nazungusha tu miguu kama mashine ya cherehani. Mtu wa kunikatia upepo kwa spidi ile labda mwenye mkokoteni.

#45 Fundi Spoku
Mnaona? Mzunguko mwepesi! Ndiyo maana anashuka mzima. Ubovu wa baiskeli ndio unaomshindisha. Jirani, usiilete kwangu nikaitengeneza.

#46 Gia Tatu
Karibu jirani. Kwa hiyo siri yako ni ubovu?

#47 Jirani wa Ilazo
Siri haipo. Alhamisi jioni nikitoka na baiskeli nikifika nyumbani siingii ndani, naiegemeza getini, nakimbia mpaka kona ya lami na kurudi. Dakika kumi. Zile dakika za kwanza miguu huwa ya mbao, siku hizi imeshazoea. Wewe ukifika unaingia kuoga, nasikia maji ukutani.

Halafu kuna jingine. Karibu na mbuyu unageuka nyuma kunitafuta. Kila mara. Ukigeuka bega linashuka, hatua inafupika. Mimi nikiona umegeuka najua umekwisha, naongeza.

#48 Mshika Saa
Hilo la kugeuka nathibitisha. Hata Septemba uligeuka mara tatu.

#49 Zabibu Kavu
Hapo mmenikumbusha Mark Allen na Dave Scott, Hawaii 1989. Walikwenda bega kwa bega karibu saa nane nzima, maji, baiskeli, mbio, mpaka kilima cha mwisho Allen akachomoka. Akashinda kwa sekunde 58. Kabla ya hapo kila walipokutana kule Scott alikuwa anamfunga.

#50 Gia Tatu
Kwa hiyo kuna matumaini.

#51 Jirani wa Ilazo
Allen hakuwa anasalimia wake za watu.

#52 Ngoja Waje
😂😂😂 Nimemwaga karanga.

#53 Bi Mkubwa Nzuguni
Na mimi nasema ni maharage. Mtanikumbuka.

#54 Gia Tatu
Mrejesho, wakuu, maana mnaniuliza inboksi. Nimeenda kupima. Mkojo na choo leo safi, ila kwa kuwa niliingia Hombolo wiki iliyopita nimeambiwa nirudi baada ya wiki sita. Damu ni 12.1.

#55 Dkt wa Mtaa
Kwa mwanamume chini ya 13 ni upungufu. Siyo wa kutisha, lakini upo. Watafute sababu, usikimbilie vidonge. Na bwawani usirudi.

#56 Fundi Spoku
12.1 ndiyo imfanye mtu afunge kamba mara mbili? Leta baiskeli, nikupandishie siti bure.

#57 Mlenda Mkavu
Ale mlenda na ugali wa uwele, damu itajaa yenyewe.

#58 Dkt wa Mtaa
Uwele una madini ya chuma, hilo sikatai. Ila mwili unayafyonza kwa shida, aongeze na kitu kichachu, ubuyu hivi au ndimu. Na chai ya maziwa aisogeze mbali na chakula.

#59 Kinyonga
Ubuyu! Si nilisema mbuyu unahusika?

#60 Mtoto wa Singida
Kuna mtu anauza tairi za namba 700, zisizotobolewa na mbigili? Natumia uzi wa watu, samahani.

#61 Fundi Spoku
@Mtoto wa Singida hakuna tairi isiyotobolewa na mbigili. Kuna gundi ya kumimina ndani ya tyubu, inaziba tundu dogo ukiwa unaendelea. Njoo Majengo.

#62 Gia Tatu
Nimeamua hivi. Siti imepanda. Gia ya tatu sigusi wakati wa kurudi. Soksi sivai, nimeweka poda ya mtoto kwenye viatu, na kamba nimetoa nimeweka za mpira. Uji badala ya maharage. Sitageuka. Hombolo nimeacha. Nikishinda sasa nitajuaje ni kipi kimenisaidia?

#63 Chaki na Ubao
Hutajua. Ungebadilisha kimoja kimoja, raundi kwa raundi.

#64 Gia Tatu
Mwalimu, hizo ni supu saba.

#65 Mwana Makutupora
Na siku hiyo upepo ukilala, nitadai ni mimi.

#66 Mshika Saa
Raundi ya tano, Jumamosi. Majini saa 12 kamili, atakayechelewa naanza bila yeye. Kiti cha kubadilishia nguo nakiondoa.

#67 Gia Tatu
Kiti tena? Jamani.

#68 Jirani wa Ilazo
Na uje na pampu.